Mama wa Kila Jumatano

Filomena Scarpati alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu kwa kusema ilikuwa huzuni. Huzuni alikuwa nayo pia, lakini huzuni kuna saa hulala. Wivu wake haukulala. Uliamka naye Brooklyn saa moja asubuhi, ukanywa naye kahawa, ukapanda naye treni hadi Manhattan, na kila Jumatano mchana ulimkalia kifuani wakati mwanamke mmoja wa North Dakota alipokuwa akionyeshwa kiti chake safu ya tatu.

Mwanamke huyo aliitwa Arvilla Haugen, mama yake Lyle. Lyle alikufa kwa UKIMWI Februari ya 1988. Sasa ilikuwa 1991, na kulikuwa na mchezo wa nyimbo juu ya kifo chake katika ukumbi mdogo kusini ya Mtaa wa Kumi na Nne. Watu walitoka humo macho yamevimba, wakiambizana kwamba hawajapata kuona kitu kizuri kama kile. Bi Haugen alikuwa amefiwa na mumewe, akahamia kwa dada yake New Jersey, na kila Jumatano alikuja kulia.

Na Mena, kama wote walivyomwita, alikuwa nani hata aone wivu kwa mama wa marehemu? Alikuwa mvishaji. Ni kazi isiyo na makofi. Wewe uliyeketi unamwona mchezaji akitoka upande huu na nguo za kuchimbia makaa, na nusu dakika baadaye anaingia upande ule na suti nyeupe, nawe unamshangaa yeye. Humshangai mama wa miaka sitini aliyepiga magoti gizani, kurunzi ndogo mdomoni, pini zimejaa kifuani, akimvua mwanamume mzima suruali kwa sekunde ishirini. Mena aliianza kazi hiyo akiwa na miaka ishirini na tisa, baada ya kumzika mumewe Sal, fundi bomba, na baada ya mimba mbili kuharibika. Hakupata mtoto wa tumbo lake, wala hakupenda kuulizwa.

Lyle alimjia mikononi mwaka 1979, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka safu ya nyuma ya wachezaji, mrefu, mwenye haya, anayeomba radhi hata kwa kiti alichojigonga. Aliondoka kwao baada ya baba yake kumwambia asikanyage tena pale akiwa vile alivyo, na mama yake kusimama mlangoni bila kusema neno. Siku ya kwanza zipu ilimkwama akataka kulia.

"Vuta tumbo ndani, mwanangu," Mena alimwambia. "Zipu haina macho, na mimi nimeshaona mengi."

"Samahani, mama."

"Usiniite mama. Niite Mena. Mama ni wa kwenu."

Hilo alilisema mwenyewe, kwa mdomo wake, na miaka yote ile Lyle alilitii. Wakawa hawaachani. Usiku wa mchezo alikuwa akimtania, "Mena, wewe ukifa nani atanivua suruali?" na Mena humjibu, "Wapo, naona foleni imefika kona." Jumapili Lyle alikwenda kwake Brooklyn akala mpaka akalegeza mkanda. Mena alimfundisha kushona kifungo, naye akamfundisha Mena kucheza rumba jikoni, vibaya.

Mvishaji ndiye aliyejua kwanza. Kabla ya daktari, kabla ya Lyle mwenyewe kukubali. Katika msimu mmoja Mena alipunguza kiuno cha suruali yake mara nne, na mara ya nne mifuko miwili ya nyuma ilikaribia kugusana. Hakumuuliza kitu. Alishona, akakata uzi kwa meno, akaenda chooni akafungua bomba ili mtu asimsikie.

Kisha ikawa kupanda ngazi ghorofa tano hadi kwa Lyle, kati ya mchezo wa mchana na wa usiku, na Jumatatu kutwa. Alimwosha. Alifua mashuka ambayo dobi wa mtaa aliyakataa. Alimpaka dawa mdomoni ulipojaa utando mweupe hata kumeza mate kukawa adhabu. Lyle alipolazwa hospitali mara moja na sinia ya chakula ikaachwa chini mlangoni kama ya mbwa, Mena aliiokota, akaingia nayo, na akawaambia wale waliosimama kando maneno ya Kiitaliano ambayo hayahitaji mkalimani. Aliandika barua tatu North Dakota. Zote tatu zilirudi bila kufunguliwa. Mwezi wa Januari macho ya Lyle yakazimika, kwanza moja, halafu la pili.

Sasa tazama walivyoyaweka jukwaani. Aliyeutunga mchezo ni Nolan Weisz, rafiki wa Lyle, mtu mwema, mpiga kinanda, ambaye majira yale ya baridi alikuwa Chicago na kazi. Alimpa Lyle jina la Erik. Erik alikuwa na madoa mawili tu ya ugonjwa, moja shingoni na moja begani, yamepakwa pale ambapo taa ya samawati ingeyapendezesha. Erik hakuharisha. Hakumtukana mtu. Lyle wa kweli mwezi wa mwisho hakumaliza sentensi bila kupumzika katikati, lakini Erik alikufa akiimba, na noti yake ya mwisho aliishika hata watu wa mbele wakasahau kuvuta pumzi wao. Watu wa nyimbo ndivyo walivyo. Hawawezi kumwacha mtu afe kwa sauti ya chini.

Hayo yote Mena aliyasamehe. Hakuwa mgeni wa jukwaa. Alijua huwezi kuuza tiketi ya kuharisha. Jambo ambalo halikushuka kooni ni mama. Katika nusu ya pili ya mchezo, Erik akiwa kitandani haoni, mama yake alifika kwa basi kutoka mbali, koti la buluu, kofia, nywele za mvi. Akaketi. Erik akauliza, "Mama?" Mama akasema, "Nimekuja." Akamlisha supu ya tambi ndogo za nyota. Supu ya bibi yake Mena hiyo. Tangu lini watu wa North Dakota wakapika tambi za nyota? Kisha mama akaimba, na hapo ndipo leso zilipotoka.

Na Mena mwenyewe? Usiseme hakuwekwa. Aliwekwa. Alikuwa jirani Mwitaliano mwenye gauni la maua na kilemba kichwani, anayeleta nguo zilizofuliwa, anasema sentensi mbili kwa kelele, watu wanacheka, anaondoka. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa na waigizaji wachache, jirani na mama walichezwa na mtu mmoja, Maureen Tolliver. Alitoka jukwaani jirani, na sekunde thelathini baadaye aliingia mama. Aliyekuwa akimbadilisha hapo gizani ni nani? Mara nane kwa wiki Mena alijivua mwenyewe kwa mikono yake na kumvisha Arvilla Haugen.

"Shoga, mbona mikono ya baridi hivyo?" Maureen alimuuliza siku moja.

"Ndiyo niliyopewa."

"Au una kinyongo na yule mama wa watu? Maana akija tu unanuna. Mwenzio kafiwa na mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Mena alikuwa na pini mdomoni, na hilo lilimwokoa Maureen.

Waigizaji wote walimpenda Bi Haugen. Walimwita Mama. Walimkumbatia, wakamletea chai, wakamwonyesha picha za rafiki zao waliokufa, maana mwaka ule hakukuwa na mtu pale asiyekuwa na picha. Yeye alisema kidogo, akashika mikono yao. Mena alipita na nguo begani kama mwenye haraka, kumbe alikuwa akihesabu nani kakumbatiwa. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Mei ndipo maji yalipozidi unga. Baada ya kila mchezo ilikuwa desturi mwigizaji mmoja kusimama mbele ya pazia kuomba michango ya wagonjwa, na wengine hutoka na ndoo kusimama milangoni. Siku hiyo kabla ya kuanza, Nolan aliwakusanya.

"Leo haombi mwigizaji," alisema. "Leo anaomba Mama mwenyewe. Nimemshawishi wiki tatu. Atapanda jukwaani aseme maneno machache, yeye aliyekuwa kando ya kitanda."

Wakapiga makofi. Mena alisikia masikio yakimwaka.

"Kando ya kitanda gani?" aliuliza.

"Unasemaje, Mena?"

"Sisemi kitu. Nina kola ya kupiga pasi."

Koti la mama lilikuwa na vifungo vikubwa vya kupendeza, lakini vilikuwa vya uongo. Chini yake kulikuwa na vishikizo vya chuma, na mvishaji huviacha wazi vyote ili koti liumeze mwili kwa mkupuo mmoja. Mvishaji anaweza kuchelewa, anaweza kulewa, anaweza kumtukana mkurugenzi. Wote hao nimewaona wakisamehewa. Ila koti hafungi. Mena alisimama kwenye ndoano yake gizani, akavifunga vishikizo vyote vinane, kimoja kimoja, akivisikia vikilia chini ya kidole gumba. Kisha akageuza mkono mmoja wa koti ndani nje. Alijiambia: leo mama hafiki. Leo, mbele ya macho yake mwenyewe, Bi Haugen aone jinsi ambavyo hakufika.

Maureen alitoka jukwaani akihema, gauni la maua, kilemba, kicheko cha watu kingali nyuma yake. Akanyoosha mikono nyuma. Koti halikuingia. Akavuta, mkono ukakwama.

"Mena, nini hiki?"

"Ngoja."

"Nini hiki, Mena? Fungua."

Wapigaji muziki walifika mwisho wa kipande chao, wakaona hakuna mtu, wakaanza tena. Wakaanza mara ya tatu. Kijana anayemcheza Erik alikuwa kitandani peke yake, amefumba macho, akimsubiri mama kwa kweli sasa. Maureen alimtazama Mena usoni, akauelewa ubaya wote, akalitupa koti sakafuni. Akaingia jukwaani alivyo.

Watu walipoona gauni la maua na kilemba walicheka. Walidhani jirani amerudi na nguo nyingine. Maureen hakujali. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachukua bakuli. Erik aliyekuwa haoni akageuza uso akasema maneno yake kama yalivyoandikwa.

"Mama?"

Kicheko kikafa. Jirani alikuwa ameketi pale na kilemba chake, akijua yeye si mama, na watu wote wakijua, isipokuwa yule mmoja kitandani. Maureen alishika mkono wake.

"Nimekuja," alisema.

Mena akashika kamba ya pazia. Kwa maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku nne za mwisho homa ilimpanda Lyle akapotea, na asubuhi ya kwanza Mena alipoingia na bakuli aligeuza uso ule usioona akasema, "Mama? Umekuja kwa basi?" Mena alisimama na kijiko mkononi. Barua tatu zilikuwa mezani. Angesema nini? Akasema, "Ndiyo. Nimekuja." Alidhani ni jambo la asubuhi moja, la kumtuliza tu. Lyle alilia kwa furaha, akala supu yote, akaomba simu. Mena akaenda kufua.

Mchezo ulikwisha. Nolan hakupata nafasi ya kumwita Bi Haugen jukwaani, maana kiti chake safu ya tatu kilikuwa kitupu. Alikuja nyuma akiwa amebadilika rangi.

"Maureen kaniambia koti lilifungwa. Lote. Sema ni bahati mbaya, Mena, nami nitaamini."

"Si bahati mbaya. Umeandika uongo, Nolan. Yule mwanamke hakukanyaga pale. Mimi ndiye niliyekuwepo, nawe umenifanya kichekesho cha sentensi mbili."

"Nilijua ulikuwa ukimletea chakula," Nolan alisema. "Lakini la mama sikulibuni. Lyle alinipigia Chicago. Siku tatu kabla ya kufa. Sauti ilikuwa kama ya mtoto, nilikuwa nasikia neno moja moja. Alisema, Mama amefika. Amekuja kwa basi. Ananilisha supu yenye nyota. Ningemwambia mtu anayekufa, wewe mwongo?"

Mena aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Miezi saba alikuwa amekula moyo wake kwa mama wa uongo, na mama wa uongo alikuwa yeye. Wivu haukuondoka hata hivyo. Ulibadili kiti tu ukakaa karibu zaidi.

"Basi niache kazi?" aliuliza.

"Sijui. Maureen anataka nikufukuze, na anataka pia kucheza vile vile kesho, bila koti," Nolan alisema, akaenda zake akiwa bado hajajua amkasirikie nani.

Nje, kwenye mlango wa waigizaji, jua la alasiri lilikuwa bado linapiga ukuta. Bi Haugen alikuwa amesimama kando ya mapipa, mkoba ameukumbatia. Hakuwa na leso mkononi. Mena alitaka kupita.

"Bibi," Bi Haugen alisema. "Wewe ndiye mwenye gauni la maua, siyo?"

"Sina gauni la maua. Ni la Maureen."

"Unajua ninachouliza."

Mena akasimama. Kwa mara ya kwanza waliangaliana kwa karibu, wanawake wawili wa umri mmoja, mmoja kakonda, mwingine kanenepa.

"Ndiyo. Ni mimi," alisema. "Na barua zilikuwa zangu. Zote tatu."

"Mume wangu aliirudisha. Ya kwanza. Mbili zilizofuata nilizirudisha mimi." Bi Haugen hakushusha macho. "Nolan aliponiandikia kunishukuru kwa kwenda kumuuguza mwanangu, sikumsahihisha. Nikaja kutazama. Nimekuja mara ishirini na sita. Yule mwanamke wa koti la buluu, ninamwonea wivu hata nashindwa kulala. Maana yeye kila Jumatano hufika."

Mena alikuwa ameyaandaa maneno yake miaka mitatu, makali, yamenolewa. Aliyatafuta asiyaone. Alibaki na kile kimoja tu ambacho hakuwahi kumpa mtu, na hakutaka kumpa huyu, hasa huyu.

"Alidhani ni wewe," alisema hatimaye, na ilikuwa kama kung'olewa jino. "Siku nne. Alikufa akidhani ulikuwepo."

Bi Haugen aliweka mkono ukutani. Lori la taka likaja likaondoka.

"Na mimi," aliuliza, "nilimwambia nini?"

Maneno yale yalikuwa ya Mena. Aliyasema yeye, kwa mdomo wake, magoti yakiuma juu ya sakafu ile. Akayatoa moja moja.

"Ulimwambia baba yake hana hasira tena. Ulimwambia umemwona akicheza, kwamba dada yako alikupeleka kwa siri, na kwamba alikuwa mrefu kuliko wote pale nyuma. Ulimwambia hukufungua barua kwa sababu ulikuwa tayari njiani."

"Akanijibu nini?"

"Alicheka. Alisema, Nilijua. Na kila asubuhi alikuuliza, Mama, Mena yuko wapi? Mbona Mena haji? Ulimwambia yuko kazini. Ulimwambia atakuja kesho. Siku ya nne aliuliza kama Mena amemkasirikia."

"Nami nikasema?"

"Ukasema hapana. Hakuamini. Aligeukia ukutani."

Bi Haugen alimtazama bila chozi, kama mtu anayesoma herufi ndogo. Kisha akauhamishia mkoba mkono wa pili, akamshika Mena kiwiko.

"Kumbe hata wewe hukufika," alisema.

"Hapana," Mena akasema. "Sikufika."